Fahamu: Je, jotoardhi kwenye vitalu nyumba litailipa Singida?

Singida ina chemchemi za majimoto, Mponde ikiwa mojawapo. Je, joto hilo laweza kukuza mazao kwa faida?

Mfano wa karibu uko Naivasha, Kenya. Shamba la maua la Oserian lilikodi kisima cha KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ambacho hakikuunganishwa na mtambo wa umeme, likapasha joto hekta 50 za vitalu nyumba vya waridi. Joto la usiku hupunguza unyevu, ukungu hukosa pa kushika, na gharama ya dawa hushuka. Hewa ya ukaa ya kisimani nayo hulisha mimea.

Mzigo mkubwa wa gharama ni kuchimba kisima, tena ni vigumu kusafirisha joto mbali. Kwa Singida yenye jua kali, kukausha vitunguu kwa joto hilo huenda kukalipa mapema kuliko kupasha joto vitalu vya nyanya.