Chai ya Mboji: Ikikosa Hewa, Usiimwagie Mchicha

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wangu wa kidato cha pili walinipokea asubuhi wameziba pua. Ndoo yetu ya chai ya mboji ilikuwa inanuka kama choo kilichojaa. Usiku umeme ulikatika, pampu ikazima. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, si tuimwagie tu mchicha? Kwani mbolea gani hainuki?" Siku ile nilibabaika. Leo jibu ninalo.

Kwanza, chai hii si ya kunywa, jamani. Ni mboji iliyoiva, imeloweshwa kwenye maji yanayopulizwa hewa kwa saa 24 hadi 36, ili bakteria, fangasi na vijidudu vingine vihamie kwenye maji na kuzaliana. Ukimwaga shambani, unaulisha udongo kwanza. Huko bakteria huliwa na vijidudu vikubwa kuliko wao, na katika kuliwa huko nitrojeni iliyokuwa imefungwa mwilini mwao hutoka, mizizi ikaipata.

Vifaa si vya kumaliza boom. Ndoo ya lita 20, pampu ya tangi la samaki na mpira wake, lita moja ya mboji ndani ya mfuko wa kitambaa, na kijiko kimoja kikubwa cha molasi. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza, klorini ipungue. Klorini imewekwa kuua vijidudu, na sisi hapa tunavifuga.

Sasa kwa nini hewa? Maji yana oksijeni kidogo sana. Kwenye nyuzi joto 25, lita moja hubeba kama miligramu 8 tu, na yakizidi joto inapungua zaidi. Molasi ni chakula: vijidudu vinakula, vinaongezeka, vinapumua. Pampu ikizima, oksijeni inaisha upesi. Vinavyotegemea hewa vinadhoofika, vinavyoishi bila hewa vinachukua nafasi, na hapo ndipo uvundo unapoanza.

Kuna jambo zito kuliko harufu. Kama mboji ilitengenezwa kwa samadi ambayo haikuiva, vijidudu vya kuharisha kama E. koli na salmonela vinaweza kuwemo, navyo molasi vinaipenda. Mwaka 2004 kikosi kazi kilichoundwa Marekani kuhusu kilimo hai kilitoa tahadhari hiyohiyo juu ya chai zinazoongezwa sukari. Kwa hiyo lundo la mboji lipate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, likigeuzwa ili kila upande upate. Chai mwagia kwenye udongo, wala usinyunyizie majani ya kuliwa mabichi. Na hata isiponuka, usidhani ni salama kama mboji yenyewe ilikuwa mbichi.

Basi jibu la yule binti ni hili: chai iliyooza inakuambia hewa iliisha, na hujui tena umefuga nini. Ile yetu tuliirudisha kwenye lundo. Mara ya pili tulianza asubuhi, na pampu ilipozima tulikuwa tunamimina kutoka ndoo moja kwenda nyingine hadi umeme uliporudi.

Je, inafanya kazi? Matokeo ya tafiti hayalingani, kwa hiyo usimwahidi mtu mavuno. Sisi walimu watarajiwa tuna njia nzuri zaidi. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Tukagawa vitalu vitatu vya mchicha: kimoja maji matupu, kimoja chai, kimoja mboji yenyewe. Yule binti ndiye aliyeshika rula na daftari. Kitalu cha mboji kilishinda, cha chai kikafuata. Nilipowaambia hiyo inatosha, akakataa: "Vitalu vitatu ni vichache, Mwalimu. Turudie."