Chunusi kwa Jicho la Tabibu wa Kichina (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza chanzo cha chunusi: homoni za ujana huchochea tezi za mafuta, kitundu cha unyweleo kikaziba, bakteria wakazaana humo na ngozi ikavimba. Tabibu wa Kichina huanzia kwingine kabisa.

Kwa mapokeo yake, vipele vyekundu vya puani na kwenye paji la uso ni joto la mapafu. Vyenye usaha vinavyozunguka mdomo, hasa kwa mtu anayefunga choo, ni joto la tumbo. Ndiyo maana kabla ya kutoa dawa atakushika kifundo cha mkono asikilize mapigo, atautazama ulimi, atauliza unakula nini na unalalaje. Ndugu wawili wenye nyuso zinazofanana wanaweza kuondoka kwake na dawa mbalimbali.

Kwa joto la mapafu, Yizong Jinjian, kitabu cha matabibu wa mfalme cha mwaka 1742, kinataja mchanganyiko uitwao Pipa Qingfei Yin. Pipa ni lokwati, mti unaojulikana sana kwenye maboma ya huku kwetu nyanda za juu. Sisi hula tunda tukaliacha jani. Wao hulichukua jani, wakalisugua upande wa chini kwa brashi mpaka manyoya yote yatoke, maana yakibaki hukereketa koo. Kisha huchemshwa na ganda la mzizi wa mforosadi, jinseng na huanglian, mzizi mchungu kupindukia wenye berberini, kemikali ambayo katika maabara huzuia bakteria kukua. Nawasihi vijana wa hapa kwetu Soy wasikimbilie kuchuma majani: jani peke yake silo dawa hiyo, na vipimo vyake hutoka kwa aliyefunzwa.

Je, inaponya? Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane walipitia tafiti 35 za tiba mbadala za chunusi, zenye wagonjwa zaidi ya 3,000. Ushahidi wa mitishamba na wa sindano za Kichina haukutosha kuthibitisha lolote. Uliojitokeza kidogo, nao dhaifu, ulihusu, pamoja na mengine machache, vyakula visivyopandisha sukari ya damu haraka. Hapo tabibu wa kale, aliyekataza vitamu na vya mafuta, anastahili kusikilizwa. Mandazi na chai ya sukari nyingi asubuhi na jioni si rafiki wa uso.

Kinachonitia hofu zaidi ni krimu. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizotumiwa kwa magonjwa ya ngozi. 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi kali ambayo haikutajwa popote. Steroidi hutuliza wekundu kwa siku chache, mama akafurahi, kisha ngozi ya mtoto hukonda na chunusi hurudi kwa wingi. Krimu isiyoandikwa viambato vyake usiipake, hata muuzaji akiapa kuwa ni majani matupu. Uliza kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Kwa chunusi nyepesi, benzoili peroksidi ya kemisti inatosha wengi, ila ipewe wiki sita hadi nane. Zikiwa vinundu vinavyouma na kuacha makovu, usingoje: mpeleke kijana kwa daktari wa ngozi mjini Eldoret.

Juma lijalo: madoa meusi yanayobaki chunusi zikiisha.