Swichi Isiyozimika Ndani ya Uboho

Mtu akilalamika kwamba ubavu wa kushoto umekuwa mzito na tumbo linajaa kabla hajamaliza sahani, kwetu jibu huwa tayari: ni bandama, malaria imemkaa. Mara nyingi ni kweli. Lakini lipo bandama linalovimba kwa kujaa seli nyeupe za damu ambazo hazikupaswa kuwapo, na hilo halisikii dawa ya malaria.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, tena kwa kufuata amri. Kila siku uboho wa mtu mzima hutoa seli nyekundu zipatazo bilioni 200, kufidia zile zilizomaliza siku zao 120. Oksijeni ikipungua, figo hutoa homoni ya kuagiza nyingine; ikitosha, agizo hupungua. Seli nyeupe nazo huongezeka maradhi yanapoingia, na yakiisha hufa zenyewe. Kufa huko ni sehemu ya afya.

Saratani ya damu huvunja utaratibu huo. Aina iliyotufundisha mengi ni ile sugu ya mieloidi, ambayo madaktari huiita CML. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford walikuta kwenye seli za wagonjwa kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Nowell alikuwa amefika hapo kwa bahati: alisuuza vioo vyenye seli kwa maji ya bomba, seli zikavimba, kromosomu zikatawanyika na kuonekana.

Ufupi ule ulibaki fumbo mpaka Janet Rowley wa Chicago alipoketi kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, mkasi mkononi, akikata picha za kromosomu moja moja na kuzipanga jozi jozi. Wanawe walimtania kwamba anacheza na wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973 alitangaza alichokiona: kipande kilichokosekana kwenye kromosomu ya 22 kilikuwa kimehamia ya 9. Baadaye ikajulikana kuwa kromosomu hizo mbili zilikuwa zimebadilishana vipande.

Mabadilishano hayo huzikutanisha jeni mbili, BCR na ABL, ambazo kwa kawaida hazikai pamoja. Protini ya ABL ni kama swichi: huwaka inapohitajika, kisha huzimika. Ikiungana na BCR haizimiki tena. Seli huendelea kugawanyika bila kuagizwa na yeyote, na amri ya kufa haiitii. Ndiyo maana mtu ambaye angekuwa na seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila mikrolita ya damu huweza kukutwa na zaidi ya 100,000. Hakurithi kosa hilo kwa wazazi, wala hakuambukizwa na mtu. Hakulogwa.

Kosa likishajulikana mahali lilipo, linaweza kulengwa, na hili kwangu ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo tiba imewahi kufanya. Dawa ya imatinib huingia kwenye kishimo ambamo protini hiyo hupokelea nguvu, ikakiziba. Katika majaribio ya mwanzo yaliyoongozwa na Brian Druker wa Portland, Marekani, wagonjwa 54 walipewa miligramu 300 au zaidi kwa siku. Kwa 53 kati yao, hesabu ya damu ilirudi kawaida. Dawa iliidhinishwa mwaka 2001. Wapo ambao swichi yao hubadilika umbo na dawa ikakosa pa kukaa, na hao wana dawa nyingine. Ni kidonge cha kumeza kila siku, na wagonjwa Kenya na Tanzania wamekipata bure kupitia mpango wa msaada.

Kidonge hicho hakimfikii anayemeza dawa ya malaria nyumbani kwa mwezi wa tatu. Ikiwa wewe au nduguyo ana uzito huo ubavuni, anatoka jasho usiku, anakonda, na kipimo cha malaria hakioni kitu, mwombeni daktari kipimo cha picha kamili ya damu. Hutolewa damu kidogo tu mkononi, seli nyeupe zikahesabiwa.