Kisenyi: Darasa la pili la wanafunzi wa vyuo vikuu mjini Kampala

Kilomita chache kutoka kilima cha Makerere, katika bonde la katikati ya jiji la Kampala, mashine za kusaga mahindi hunguruma tangu alfajiri. Kando yake mafundi huchomelea vyuma, mabasi hupakia abiria, na wafanyabiashara wa Kisomali hufungua maduka yao. Huu ndio mtaa wa Kisenyi, ambao kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza unaweza kuwa darasa la pili.

Katika vyuo vikuu vya Uganda, wanafunzi wa fani nyingi hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu. Wengi huomba nafasi katika wizara, benki na makampuni makubwa, lakini nafasi hizo ni chache kuliko waombaji. Karakana ndogo za mtaani, zilizo karibu zaidi, mara nyingi husahaulika.

Makerere ilianzia karakanani

Wazo la kujifunza kwa mikono si geni. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970.

Novemba 2011, chuo hicho kilizindua gari la umeme la Kiira EV, lililobuniwa na kuundwa na wanafunzi pamoja na walimu wao. Mradi huo ulionyesha kile ambacho mwanafunzi anaweza kufanya anapopewa chuma, waya na tatizo la kweli la kutatua.

Mwanafunzi anajifunza nini Kisenyi?

Chukua mfano wa kinu cha nyundo kinachosaga mahindi. Darasani, mwanafunzi wa uhandisi hukokotoa kasi ya mtambo akichukulia kwamba umeme hauyumbi na chuma kina ubora unaojulikana. Mtaani, umeme hupanda na kushuka, na vipuri vingine hutengenezwa kwa vyuma chakavu. Nyundo moja iliyolika ikibadilishwa peke yake, uzito hautalingana, mtambo utatetemeka na beringi zitaharibika mapema. Fundi analijua hilo kwa kusikiliza mlio tu, ilhali mwanafunzi anaweza kueleza sababu yake kwa hesabu. Wakikutana, kila mmoja hupata alichokikosa.

Fani nyingine nazo zina nafasi. Kituo cha afya cha Kisenyi, kilicho chini ya mamlaka ya jiji, ni cha daraja la nne, yaani ngazi inayotakiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Tangu mwaka 2003, mtaala wa udaktari wa Makerere umewataka wanafunzi kujifunza pia miongoni mwa jamii, si katika hospitali kuu pekee. Kwa upande wa sheria, mradi wa sheria za wakimbizi ulioanzishwa na kitivo cha sheria cha chuo hicho mwaka 1999 umekuwa na ofisi zake Old Kampala, jirani na Kisenyi wanakoishi wakimbizi wengi kutoka Somalia.

Katika mipango miji, mwaka 2010 chama cha vyuo vya mipango miji barani Afrika kilitia saini makubaliano na mtandao wa kimataifa wa wakazi wa mitaa duni. Lengo lilikuwa wanafunzi na wakazi wahesabu nyumba na kuchora ramani kwa pamoja. Ramani ya ofisini huonyesha mfereji, lakini mkazi ndiye anayejua maji hufika wapi mvua inaponyesha.

Nani anabeba gharama?

Ugumu huanzia hapo. Mara nyingi mwanafunzi halipwi, na hujigharimia nauli na chakula. Anayetoka katika familia isiyo na uwezo hulazimika kuchagua mahali anapoweza kufika kwa miguu, si mahali anapoweza kujifunza zaidi.

Fundi naye hupoteza muda wa kazi akimwelekeza mgeni, na siku ya kutoa alama jina lake huenda lisitajwe. Vumbi la unga, cheche za kuchomelea na mikanda isiyo na kinga ni hatari kwa wote wawili, hasa pale ambapo hakuna bima wala vifaa vya kujikinga.

Wakazi pia wana lalamiko: huulizwa maswali kila mwaka, lakini ripoti haziwarudii.

Tiba ya matatizo haya haihitaji majengo mapya. Inahitaji mkataba mfupi kati ya chuo na karakana, miwani na viatu vya usalama, posho ya nauli, sauti ya fundi katika kutoa alama, na nakala ya ripoti kwa waliohojiwa. Bila hayo, mwanafunzi ataondoka Kisenyi na cheti, na Kisenyi itabaki na swali lilelile: imenufaika na nini?