MAJANI MAKAVU NI MALI, USIYACHOME

Wakulima wengi hufagia majani yaliyoanguka, wakayarundika pembeni na kuyatia moto. Shamba huonekana safi, lakini mwenyewe amechoma mbolea yake. Baadaye atatoa fedha dukani kununua nyingine.

Katika Kangema, penye chai huko juu na kahawa huko chini, mipaka mingi ya mashamba ina migrivilea. Asili ya mti huu ni Australia, nao uliletwa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kuwa kivuli cha chai na kahawa. Huangusha majani mengi, hasa wakati wa kiangazi. Nanyi wakulima wa skimu mlioupanda mipakani, jambo hili lawahusu.

Huko Ulaya na Marekani watu huyakusanya majani kwa trekta dogo lenye mashine ya kuyafyonza. Mashine nyingine huyakatakata pia, ili yaoze upesi. Kwenye miteremko ya Kangema trekta hilo halifai, lakini reki, gunia na panga vyatosha kufanya kazi ile ile.

Matumizi ni mawili.

La kwanza, matandazo. Kabla ya mvua za masika, ambazo huanza mwezi wa Machi, tandaza majani kati ya mistari ya kahawa, mstari mmoja uweke na wa pili uruke. Acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina, lisije likaoza. Matone ya mvua yataangukia majani badala ya udongo, na udongo wako hautachukuliwa hadi Mto Mathioya na kuishia Tana. Jua likija, unyevu utakaa na magugu yatapungua. Usiwashe moto karibu.

La pili, mbolea ya vunde. Majani makavu peke yake huoza polepole, kwa kuwa yana upungufu wa naitrojeni. Kwa hiyo yakatekate kwa panga, uyatandike chini ya ng'ombe yanyonye mkojo. Kisha yatoe, uyapange kivulini: majani sentimeta 15, samadi sentimeta 5, na majani mabichi kidogo, hadi lundo lifike kimo cha mita 1 na nusu. Nyunyiza maji kila tabaka, ufunike. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe: kikiwa na joto, kazi inaendelea; kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Geuza lundo kila baada ya wiki 3. Kwa kawaida mbolea huwa tayari baada ya miezi 3 au zaidi kidogo, ikiwa nyeusi na yenye harufu ya udongo wa msituni.

Usichanganye majani ya mkalitusi, maana ni magumu kuoza, wala majani ya mimea yenye ugonjwa.

Basi, ndugu mkulima, kiangazi kijacho weka kiberiti mfukoni na ushike reki. Ukiwa na swali, mwulize Bwana Shamba wako.