Asili na Maana za Lakabu za Makabaila katika Kichina na Kijapani

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na kabaila wa Kichina au wa Kijapani, aghalabu humkuta ndani ya kitabu cha Kiingereza, naye amekwisha kuvikwa joho la Ulaya. Huitwa duki au baroni, na msomaji humwazia akikaa katika ngome ya mawe kando ya mto Rhine. Ulinganisho huo ulirahisishwa na hesabu: daraja tano huku, daraja tano kule. Lakini hesabu si maana, na lakabu zenyewe zina historia isiyofanana hata kidogo na ile ya Ulaya.

Kwa Kichina daraja hizo, kuanzia juu, ni gong, hou, bo, zi na nan. Neno linalozijumuisha ni jue, ambalo pia ni jina la chombo cha pombe cha miguu mitatu, kilichosubiwa kwa shaba na bati na kutumiwa katika ibada za kale. Alama iliyoandika chombo ndiyo iliyokuja kuandika daraja ya heshima. Kitabu cha Liji kinazitaja zote tano kana kwamba ni ngazi iliyojengwa kwa siku moja. Mengzi naye anataja ngazi ya daraja tano, ila humhesabu mfalme mwenyewe, Mwana wa Mbingu, kuwa daraja ya kwanza, kisha huwaweka zi na nan pamoja katika daraja ya mwisho. Tofauti hiyo yatosha kumtia mtaalamu shaka. Mwaka 1930 mwanahistoria Fu Sinian alishikilia kwamba ngazi hiyo ilipangwa na wanazuoni wa baadaye, na kwamba gong, bo, zi na nan yalikuwa maneno ya ndani ya ukoo kabla ya kuwa vyeo.

Maneno yenyewe yanaunga mkono rai hiyo. Bo ni ndugu wa kwanza kuzaliwa, na hata leo kaka wa baba aliyemzidi baba umri huitwa bofu. Mswahili hahitaji maelezo hapa, kwani anaye baba mkubwa. Mwingereza ndiye asiye na neno. Gong ni mzee wa kuheshimiwa, na babu mzaa mama hadi sasa ni waigong. Nan ni mwanamume, na alama yake imeundwa kwa shamba na nguvu. Hou pekee yu nje ya ukoo: alama yake ya kale huonyesha mshale na shabaha, na wenye lakabu hiyo chini ya wafalme wa Zhou walikuwa hasa walinzi wa mipaka.

Zi ndilo neno lenye mafunzo mengi zaidi. Maana yake ni mtoto. Kutoka mtoto likawa mtoto wa nyumba bora, kisha bwana, kisha mwalimu, kama lisikikavyo katika majina ya Kongzi na Mengzi. Mwenye kustaajabia safari hiyo na alitazame neno mwana. Mwana ni mtoto. Hata hivyo Mwana Kupona hakuitwa hivyo kwa udogo, bali kwa heshima apewayo mwanamke wa ukoo bora. Heshima ya ukoo humtaja mtu kwa nafasi yake nyumbani, na neno la utoto likageuka kuwa la utukufu.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba Wachina waliendelea kuisikia asili hiyo siku zote. Dola ya Qin iliweka daraja ishirini zilizoweza kupatikana kwa ushujaa vitani, na ya juu kabisa ikaitwa chehou. Baadaye Che lilikuwa jina la Mfalme Wu wa Han, aliyetawala tangu 141 hadi 87 kabla ya Kristo, na kwa kuwa jina la mfalme halikutamkwa, cheo kikabadilishwa kuwa liehou. Lakabu nyingine zilidumu mno: mkuu wa kizazi cha Kongzi aliitwa Yansheng gong tangu 1055 hadi 1935.

Wajapani walikuwa na lakabu zao kabla ya kuziazima hizi. Mikado ni lango tukufu, mtu akitajwa kwa jengo lake, kama vile Firauni asili yake ni nyumba kubwa. Samurai latokana na kitenzi cha kuhudumu. Daimyo ni jina kubwa, na jina linalokusudiwa ni lile ambalo kwalo mashamba yaliandikishwa. Amri ya Julai 1884 ndiyo iliyowapanga makabaila wa kasri na daimyo wa zamani katika daraja tano za Kichina, kila moja ikiongezewa shaku, yaani jue: koshaku, koshaku, hakushaku, shishaku na danshaku.

Koshaku kutajwa mara mbili si kosa la mpiga chapa. Matamshi ya Kijapani yalitokana na Kichina cha karne nyingi zilizopita, wakati gong ilipokwisha kwa sauti kama ng' ya ng'ombe, na hou ilipoanza kwa sauti kama gh ya ghali. Kijapani hakikuwa na sauti hizo. Ng' ikawa u, gh ikawa k, na maneno mawili yasiyofanana yakaishia katika ko moja yenye irabu ndefu. Kwa upande mwingine, haku na shaku yamehifadhi k ya mwisho ambayo Kichina cha Beijing kimeipoteza katika bo na jue, huku Kikantoni kikiwa nayo bado. Irabu ya mwishoni iliongezwa na Wajapani, kama Waswahili walivyoiongeza katika sanduku na kitabu.

Katika maandishi alama huzitenganisha koshaku mbili. Katika masikio hakuna kitu. Ito Hirobumi alikuwa hakushaku mwaka 1884, koshaku mwaka 1895, na mwaka 1907 akapandishwa kutoka koshaku kuwa koshaku. Vitabu vya Kiingereza humwita, kwa cheo hicho cha mwisho, kwa neno ambalo mfasiri wa Kiswahili huligeuza mara moja kuwa mwana wa mfalme. Ito alizaliwa na mkulima.

Kwa maandishi ya enzi ya Zhou, basi, mfasiri ana haki ya kutafuta katika hazina ya ukoo: mzee, mkubwa, mwana. Kwa Japani ya 1884 haki hiyo hana, kwa kuwa aliyepewa ushishaku hakuna aliyemsikia kuwa mtoto. Alikuwa mtu wa daraja ya nne katika orodha ya serikali, mpaka katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 ilipoifuta orodha yote. Hapo yafaa neno la Kijapani libaki lilivyo, na aandikwe koshaku wa daraja ya kwanza au koshaku wa daraja ya pili.