Mafuta Yakipanda Bei, Tusibane Pasipofaa



Mwaka 2022, miezi michache baada ya vita kuanza Ukraine, bei ya mafuta ilipanda hapa Tanzania hata wengi wetu tukashika vichwa. Agosti mwaka ule lita moja ya petroli jijini Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410, na hapo Serikali ilikuwa imekwisha kutoa ruzuku. Tangu wakati huo tumezoea kuingoja Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei mpya, kama mgonjwa anayengoja majibu ya maabara.

Kwetu nyumbani, baba watoto alileta daftari. Tukaandika safari zote za kigari chetu kwa wiki moja, na tuliona aibu. Jumamosi pekee tulitoka mara tatu: asubuhi sokoni, mchana kwa fundi cherehani, jioni mazoezi ya kwaya, na njia ni ile ile! Tukaziunganisha zikawa safari moja. Jumapili tunampakia jirani na wanawe kwenda ibadani, na wiki ifuatayo yeye hutupakia sisi.

Tulijifunza na mengine. Tairi lenye upepo mdogo hula mafuta, kwa hiyo tupime upepo mara kwa mara. Tutoe mizigo isiyo na kazi kwenye buti. Tukimngoja mtu, tuzime injini. Lakini tusizime gari kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Breki na usukani huwa vizito, na ajali haina bei. Wala tusiwarundike watoto watatu juu ya pikipiki moja kwa sababu nauli ya daladala imepanda.

Jikoni je?

Mafuta yakipanda, jiko nalo huguswa. Mtungi wa gesi huja kwa lori, na gunia la mkaa vivyo hivyo. Wengine huacha gesi na kurudia mkaa wa kupima kwa kopo. Hatuwalaumu, maana mfuko ndio unaoamua. Hofu yetu sisi wauguzi ni mahali jiko linapowekwa.

Asubuhi moja ya mvua tulimpokea mama na watoto wake wawili. Wote walikuwa wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na wanatapika. Yeye alidhani ni malaria. Tulipomuuliza vizuri, alisema usiku aliingiza jiko la mkaa chumbani ili maharage yaive na watoto wapate joto, akafunga dirisha. Mkaa hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Tunamshukuru Mungu aliamka akafungua mlango. Wengine hawaamki.

Basi tufanye hivi:

1. Jiko la mkaa libaki nje au penye hewa nyingi. Lisilale chumbani kamwe.

2. Maharage yalowekwe tangu usiku, na sufuria ifunikwe. Yataiva upesi kwa moto kidogo.

3. Mwenye umeme na uwezo, jiko la presha la umeme hutunza joto na halina moshi.

4. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, awahishwe hospitali.

5. Mama mjamzito aweke kando nauli ya hospitali, nayo isiguswe hata bei ipande vipi.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tuuombee ufanikiwe. Wakati tunangoja, tumkumbuke yule mjenzi wa mnara wa Luka 14, aliyeketi kupiga hesabu. Nasi tuketi na daftari pamoja na waume zetu. Tupunguze safari, tupunguze moto, lakini pumzi ya watoto wetu tusiipunguze.